Begi la Baba Chebet

Mwaka huu, siku ya koito ya Chebet kule Kimumu, bwana harusi mtarajiwa aliingia sebuleni akiwa amelowa chapachapa, akavua koti na kutafuta mahali pa kulitundika. Koito ni siku ambayo upande wa kijana huja nyumbani kwa binti, wazee wakaketi na wazee wenzao kukubaliana mahari, na mvua ya Eldoret nayo haijawahi kukosa mwaliko wa sherehe kama hiyo. Nyuma ya mlango palikuwa na msumari mmoja mkubwa, na kwenye huo msumari lilining'inia begi la turubai la kijani kilichofifia. Kevin, ndilo jina la kijana, akalishika begi ili alitoe apate nafasi. Chebet alikuwa anapita na sinia la chai. "Kevin, toa mkono," akasema bila kusimama. "Hiyo begi haiguswi." Kijana akauliza ni ya nani. "Ya Dad." Akauliza kama mzee anasafiri. Chebet akanitazama, maana nilikuwa nimekaa pale pale kwenye kona ya kochi, nami nikainamia kikombe changu kwa sababu kicheko kilikuwa kimefika kooni. "Hapana," Chebet akamwambia, "hasafiri." Kevin akaliweka koti lake lenye maji juu ya magoti yake na kukaa hivyo hivyo, kwa adabu, mpaka alipoitwa kwenye hema.

Sikumweleza kitu. Haikuwa kazi yangu kumweleza, na hata ningetaka, ningeanzia wapi? Begi lile ninalifahamu tangu siku lilipotundikwa mara ya kwanza, katika nyumba nyingine, Langas, na msumari wa kwanza niliuona ukiingia ukutani. Nimefanya kazi nyingi tangu wakati huo. Nimekaa kwenye semina za hoteli ambako watu waliovaa vitambulisho shingoni wanajadili namna ya "kuwashirikisha wanaume", halafu wanatoka kwenda kunywa chai na sambusa. Nikiulizwa nilisomea wapi hayo mambo, huwa nataja chuo, lakini nadanganya kidogo. Nilisomea jikoni, mtaa wa Munyaka, katika mwaka ule mmoja.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimetoka chuoni na cheti cha ustawi wa jamii ambacho sikujua nikipeleke wapi. Kazi niliyopata ilikuwa katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya kinu cha posho. Haikuwa na bango wala jina. Akina mama wa mtaa waliiita "kwa waume", na waume wenyewe waliiita "pale". Ilikuwa nyumba ya wanaume waliopiga wake zao. Wengine waliletwa na chifu, wengine na wachungaji, mmoja au wawili mahakama iliwaambia wachague kati ya pale na ndani. Desturi tuliyoizoea sote ilikuwa kwamba mke akipigwa, yeye ndiye anayefunga watoto mgongoni na kukimbilia kwao. Baadaye wazee wa pande mbili wanakaa, kreti ya soda inafunguliwa, mume anasema pole huku akitazama viatu vyake, na mke anarudishwa. Walioanzisha nyumba ile, kanisa dogo pamoja na kikundi cha akina mama wa sokoni, walikuwa wamechoshwa na hizo soda. Wakaligeuza jambo: anayepiga ndiye anayetoka. Mke na watoto wanabaki na kitanda chao na mlango wao. Mume analala Munyaka kwenye kitanda cha ghorofa, asubuhi anaenda kazini, jioni anarudi kujipikia, na Jumanne na Alhamisi anakaa kwenye benchi na wenzake kueleza alichofanya. Mzee wa mtaa mmoja kutoka Langas alikuja kutuambia usoni kwamba kumtoa mwanamume katika nyumba aliyoijenga ni laana. Tulimpa chai. Aliinywa yote, akaongezewa, akaondoka bado anasema ni laana.

Vikao tuliviongoza wawili, mimi na Njoroge, mwanamume na mwanamke kwa makusudi, ili wale watu waone wawili wakipingana mbele yao na hakuna anayeumia. Njoroge alikuwa amefundisha timu ya mpira kwa miaka na alikuwa bado anatembea na filimbi mfukoni. Alipenda mambo yafanywe rasmi: kusimama, kupiga makofi, kuombea kila kitu mpaka sukari. Tulipingana sana, na si kwa maonyesho. Lakini kulikuwa na jambo moja alilolishika vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya kazi naye. Mwanamume alipoanza hadithi yake na chakula kilichochelewa, au simu ambayo mke hakuijibu, au maneno ya mama mkwe, Njoroge alipuliza filimbi. "Anza na mkono wako," alimwambia. "Hiyo ya chakula tutafika. Mkono wako ulifanya nini?" Utashangaa jinsi sentensi fupi hivyo inavyoweza kumtoa jasho mtu mzima. Nimewaona wanaume wenye ng'ombe na mashamba wakikaa kimya mpaka kinu cha jirani kikazimwa, wakitafuta namna ya kuanza na mkono wao.

Philip aliletwa na chifu wakati wa kupanda mahindi. Alikuwa seremala, mrefu, mtaratibu wa kuongea, mtu ambaye ungemkuta dukani ungemwachia nafasi kwenye foleni. Alikuja na begi la turubai la kijani alilobebea vifaa vya kazi, sasa limejaa nguo, na alilishika kifuani muda wote wa kikao cha kwanza kana kwamba ataitwa aondoke dakika yoyote. Ilipofika zamu yake alisema walikosana na mke na mke akaanguka. Filimbi. Akasema mke alimjibu vibaya. Filimbi. Akasema, "Nyinyi hamjui huyo mama." Filimbi tena, na wenzake wakaanza kucheka, na yeye akakaa chini amekasirika mpaka masikio. Ilimchukua wiki nyingi kusema kwamba alimvunja mke wake, Rael, mkono kwa mguu wa kiti alichokuwa anakitengeneza. Aliposema, hakuna aliyecheka. Mwangi, muuza duka wa Langas aliyekuwa amekaa kando yake, alisogea kidogo kwenye benchi, halafu akarudi pale alipokuwa.

Ofisi yangu ilitenganishwa na jiko kwa ubao mwembamba wa dari, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Sitasema nilikuwa nasikiliza kwa siri; walijua nipo, kisha walisahau. Philip hakuwa amewahi kuingia jikoni tangu atahiriwe, na alilisema hilo kwa fahari, kana kwamba ni shahada. Ugali wake wa kwanza ulikuwa na unga mkavu katikati. "Baba Chebet," Mwangi alimwambia, "hii si ugali, hii ni simiti. Jenga nayo." Mwangi mwenyewe alipika githeri ya mahindi magumu ambayo ilikuwa inatuvunja meno kwa zamu. Nilisikia mwiko ukigonga sufuria, mtu akilalamikia moshi, mtu akiuliza vitunguu vinawekwa kabla au baada ya mafuta. Kisha kuna jioni moja nikamsikia Philip, sauti ya chini, anamuuliza Mwangi: "Kwani yeye hufanya hii kila siku? Na mtoto akiwa mgongoni?" Mwangi akasema, "Na wewe ukiwa umeketi unauliza iko wapi." Nikaweka kalamu chini na kungoja nisikie kitakachofuata, lakini kilichofuata kilikuwa ni Philip kukwangua sufuria iliyoungua chini.

Nusu nyingine ya kazi yangu ilikuwa kuwatembelea wake zao, peke yangu, na waliyoniambia hayakurudi Munyaka. Rael alikuwa na chumba na sebule Langas, na sebule yote ilikuwa cherehani. Alishona sare za shule. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeunga vibaya na haukunyooka, kwa hiyo alikuwa amejifunza kusukuma kitambaa kwa wa kushoto, na alikuwa na kasi kuliko mafundi wenye mikono miwili. Alinipa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha na chumvi, kila mara, hata siku nilizosema nimeshiba. Siku ya kwanza, nilipoinama kuokota kigurudumu cha uzi kilichodondoka, niliuona mfuko wa nailoni nyuma ya cherehani umefungwa fundo. Ndani kulikuwa na sweta la Chebet, viatu vyake, cheti cha kuzaliwa na mkate. "Ni wa nini huu?" nikauliza, ingawa nilishajua. "Ni wa kukimbia," Rael akasema, huku akiendelea kushona. "Mkate mimi hubadilisha. Hizo zingine zinakaa." Nikamkumbusha kwamba sasa mume ndiye aliyetoka, yeye hana sababu ya kukimbia. Akanitazama kwa huruma, mimi kijana na cheti changu. "Madam, ametoka kwa sababu chifu amesema. Siku ile nitajua ametoka kwa sababu anaelewa, huo mfuko nitafungua nikule mkate." Nilimpenda kuanzia hapo, nalisema wazi. Na nilitaka, kuliko kitu chochote katika mwaka ule, kumwona akiufungua mfuko ule.

Sasa ndipo Njoroge alipopata wazo lake. Wanaume kama tisa walikuwa wamemaliza miezi ya kwanza bila kukosa kikao, na yeye akasema lazima wafanyiwe mahafali. Sisi huku, kama unavyojua, mtoto akitoka shule ya chekechea anavaa joho, na mtu akimaliza kozi ya kuendesha gari anakatiwa keki. Kwa hiyo Njoroge akaazima majoho ya kwaya, ya zambarau yenye kola nyeupe. Akachapisha vyeti. Akaagiza keki kubwa. Mpango ulikuwa kila mke aitwe mbele, amkabidhi mume wake cheti, amlishe kipande cha keki, na wapigiwe vigelegele, kisha mume arudi nyumbani siku hiyo hiyo na begi lake. Nilipinga. Nilimwambia mke hawezi kuulizwa swali mbele ya kanisa zima huku keki ikiwa mkononi. "Wambui, wewe unaona ubaya kila mahali," akasema. "Hawa watu wanahitaji kitu cha kushika." Na jikoni, kupitia ule ubao, nilimsikia Philip akimwambia Mwangi: "Mimi nataka hiyo karatasi tu. Nikiwa na karatasi, ataniambia nini? Si chifu ameona, kanisa imeona." Kesho yake nilipanda boda mpaka Langas. Kanuni yetu ilikuwa kwamba siri za wake hazitoki, lakini za waume, zikimgusa mke, lazima zimfikie. Nikamweleza Rael neno kwa neno. Alikuwa anamenya viazi. Akamaliza kiazi alichokuwa nacho, akakitoa vijicho, akakitia majini. "Asante," akasema. "Hiyo keki ni ya aina gani?" Nikamwambia sijui. Akasema anatumaini si ile kavu.

Ukumbi ulijaa. Wazee wa kanisa walikuwepo, chifu alikuwepo, jamaa wa kila mwanamume walikuwepo, na kaka mkubwa wa Philip alikuwa amekuja kutoka shambani akiwa na kofia mpya, tayari kumrudisha ndugu yake nyumbani kwa heshima. Mwangi aliitwa kwanza. Mke wake alicheka, akamlisha keki akampaka na puani, watu wakashangilia, na furaha yao ilikuwa ya kweli. Mpaka leo hawa wawili wana duka. Kisha akaitwa Philip. Alisimama ndani ya joho la zambarau lililomfika magotini. Rael alipanda jukwaani na gauni lake la Jumapili. Njoroge akampa cheti, akakipokea. Akampa kipande cha keki kwenye kitambaa cha karatasi, akakipokea pia, kwa mkono wa kushoto. Akamtazama mume wake, akautazama ukumbi, na maikrofoni ilikuwa karibu naye kuliko alivyodhani, kwa sababu neno lake lilisikika mpaka nje kwa wapishi. "Bado," akasema.

Mwenye kuongoza sherehe alijaribu kucheka. "Mama anatuchekesha. Mama, lisha mzee, watu wana njaa." Rael akasema hajakataa, amesema bado. Kaka mkubwa akasimama pale kwenye safu ya mbele. "Mama Chebet, usituaibishe mbele ya watu. Mpe mzee karatasi yake." Nikagundua kwamba sote, chifu na wapishi na mimi, tulikuwa tunatazama mkono wa Philip. Ulikuwa umekunjwa chini ya lile joho. Sijawahi kuogopa mkono wa mtu hivyo, na nilikuwa nimeshaanza kusukuma viti kuelekea jukwaani. Ndipo Philip akauinua, akaushika ukosi wa joho, akalivua kupitia kichwani, akalikunja taratibu kama seremala anavyokunja turubai, akalikabidhi kwa Njoroge. "Amesema bado," akamwambia kaka yake. "Keti." Akashuka jukwaani, akapita katikati ya watu wote, akatoka. Rael akabaki na cheti na keki. Cheti akakiweka juu ya meza. Keki akaila yeye mwenyewe, pale pale mbele ya watu, bila haraka, akajipangusa vidole kwa kile kitambaa. Mama mmoja wa sokoni, nyuma kabisa, akapiga kigelegele, na wa pili akamjibu.

Wakati wa hatari kwa mke ni baada ya kusema hapana, hilo hata vitabu vya chuo vilikuwa vimeniambia. Kwa hiyo niliondoka na Rael mpaka Langas, na nikalala kwake. Kabla ya kuketi aliuvuta mfuko wa nailoni kutoka nyuma ya cherehani na kuuweka karibu na mlango. Akaniandalia mboga ya managu na ugali, tukala na Chebet, tukazungumza kuhusu vitambaa. Kila pikipiki iliyopita barabarani ilitufanya tunyamaze. Hakuna aliyekuja. Asubuhi nilienda Munyaka moja kwa moja, bila kunawa uso, nikiwa na hakika kwamba nitakuta kitanda kitupu. Nikamkuta Philip jikoni anakoroga uji wa wenzake. Macho yake yalikuwa mekundu, na uji ulikuwa laini. "Madam," akasema, "Jumanne kuna mitingi ama mmefunga?" Nikamwambia kuna mitingi. "Basi nitakuja." Nilitoka nje nikasimama kwenye vumbi jeupe la kinu na kulia, na bado ni kilio kitamu kuliko vyote nilivyowahi kulia.

Njoroge, nimpe haki yake, alikaa siku mbili bila kupuliza filimbi. Kisha akavichukua vyeti vilivyobaki akawashia jiko. Hatukufanya mahafali tena. Kuanzia hapo hatukumwambia mwanamume yeyote atamaliza lini, na hatukumuuliza mke yeyote mbele ya mtu. Hiyo iliwafukuza wachache. Kuna mmoja aliyeondoka bila kuaga na hakurudi kwetu wala kwa mkewe. Mkewe alibaki na nyumba, na watoto wake walimaliza shule pale pale. Sisemi kila mtu alipona. Nasema hakuna mke hata mmoja wa wale aliyelala njiani mwaka ule na watoto wake, na katika mtaa ule hilo lilikuwa jambo jipya.

Philip alibaki. Mvua ikaisha, mahindi yakakomaa, na ugali wake ukawa ugali. Akajifunza kupika managu na maziwa, akaanza kuwasumbua wageni wapya jikoni kwa maagizo. Kwenye benchi sasa alianza na mkono wake bila filimbi, na siku moja akaongeza jambo ambalo hakuna aliyemuuliza: kwamba Chebet akisikia miguu yake yeye Philip mlangoni jioni, alikuwa anaacha kuimba. "Nilikuwa nafikiria ni heshima," akasema. Siku za Jumapili alienda Langas kula chakula cha mchana, mlango ukiwa wazi, na akaondoka kabla ya jua kuinama, kwa sababu ndivyo Rael alivyopanga. Halafu kuelekea Krismasi, bila kututaarifu, Rael mwenyewe akatokea Munyaka. Aliingia mpaka jikoni, wanaume wote wakasimama. Akasema waketi. Akachukua sahani, akajipakulia ugali wa Philip na mboga, akala amesimama mlangoni. Nilikuwa upande wa pili wa ubao, nikichungulia kwenye ufa. "Imeiva," akasema. Kisha: "Kesho uje na nyundo."

Nilikuwepo hiyo kesho. Rael alikuwa na msumari tayari, mrefu, wa kupigilia boriti. Akamwonyesha mahali nyuma ya mlango wa Langas. "Piga hapo." Philip akapiga. "Sasa tundika begi." Philip akataka kulifungua atoe nguo zake. "Usitoe kitu. Likae hivyo na nguo zako, na sahani, na blanketi. Mkono wako ukiinuka tena katika hii nyumba, ama hata sauti yako ikifanya huyu mtoto anyamaze, hutaniambia pole. Utachukua begi. Mimi sitoki tena hapa." Philip alilitundika begi, akarudi nyuma kidogo kutazama kama limekaa sawa, tabia ya fundi. "Sawa," akasema. Kisha Rael akaenda nyuma ya cherehani, akauvuta mfuko wa nailoni, akaufungua fundo kwa meno na mkono wa kushoto. Sweta lilikuwa limekuwa dogo kwa Chebet. Mkate ulikuwa wa juzi. Akaukata, tukanywa nao chai, sisi wanne, na mimi nilikula vipande vingi kuliko adabu inavyoruhusu.

Begi halikutoka msumarini, isipokuwa kila Januari Philip alipolishusha kubadilisha nguo, kwa kuwa tumbo lake lilikuwa linakua na Rael hakutaka aondoke na suruali isiyofungika. Walipojenga Kimumu, begi lilihamia kabla ya kochi. Kaka mkubwa alilisema vibaya kwa miaka, baadaye akalizoea, na siku moja nilimkuta anamweleza jirani habari zake kana kwamba lilikuwa wazo lake. Chebet alikua akiliona kila alipotoka kwenda shule. Aliimba katika kila chumba cha nyumba ile, na si kwa sauti nzuri sana, jambo ambalo wazazi wake hawakuwahi kulalamikia.

Basi siku ya koito, chini ya hema, ng'ombe walikubaliwa. Kaka mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa upande wa binti, alikuwa ameshashukuru pande zote na mursik, maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu, imeanza kumiminwa, ndipo Rael akasema ana neno. Akaingia ndani. Alirudi na begi la kijani. Philip alipoliona alisimama nusu, akauweka mkono kwenye kiti, na nikaona uso wake ukibadilika kwa sababu hakujua. Rael akaliweka begi mezani kati ya vikombe, akalifungua, akatoa shati lililokunjwa, suruali, sahani ya bati na blanketi, kimoja baada ya kingine, na akavipanga mbele ya mume wake. Begi likabaki tupu. "Hizi rudisha kabatini," akamwambia. Philip akaziweka nguo magotini na kuzishika kwa mikono yote miwili, na machozi yakamtoka mbele ya wakwe wapya, naye hakuyapangusa.

Kisha Rael akamgeukia Kevin na kumpa lile begi tupu. "Hii ni yako. Utaijaza mwenyewe na utaitundika kwako nyuma ya mlango. Chebet hatakimbia usiku na watoto. Siku nyumba itawashinda kwa sababu ya mkono wako, wewe ndiye utatoka." Mjomba wa Kevin akaona aulize, kwa upole, hii ni mila ya wapi, maana yeye hajawahi kuisikia. "Ni ya hapa," Rael akasema. Kabla mjomba hajajibu, Philip akasimama, nguo zake kwapani, akaingiza mkono katika mfuko wa koti. Seremala hakosi msumari hata kwenye sherehe. Akamwekea Kevin mmoja kiganjani, mrefu, wa kupigilia boriti. "Na nyundo nitakukopesha," akasema. "Jifunze ugali kwanza. Mimi nilichelewa." Kevin alitazama msumari, akamtazama Chebet, akainuka na kuupokea kwa mikono miwili kama inavyopaswa kupokewa kitu cha wazee. Mama mmoja akaanza kigelegele na hema lote likamfuata, upande wetu na upande wao.

Mvua ilikuwa imerudi. Nilikimbilia ndani kuiepuka, koti langu limelowa mgongoni, na nikasimama sebuleni nikitafuta kiti cha kuliweka. Rael aliingia nyuma yangu amebeba sahani za keki kwa ule mkono wake wa kushoto. Alinikuta nimesimama hivyo, koti mkononi, nikitazama ukuta. "Madam, unangoja nini?" akasema. "Tundika tu. Nafasi iko."